Nyuma ya shuka

Kwaresima ya mwaka uliopita, filme moja fupi, haikupita nusu dakika, ilitembea katika telefone za wakristu wa mji wetu wa Kamina. Ilionyesha sanamu ya Bikira Maria katika kanisa tusilolijua, na macho ya sanamu ile yalifumba na kufumbuka mara tatu. Wamama wa Legio walituletea wakitoa machozi. Watu walioacha Misa tangu miaka mingi walirudi. Sisi tuliitazama mara nyingi, usiku, peke yetu. Tukaona kwamba kivuli cha kope hakikufuata mwanga wa mishumaa, tukatambua kwamba ni kazi ya masini, si kazi ya Mbingu. Hata hivyo tulinyamaza muda wa majuma mawili. Kwa nini? Kwa sababu kanisa lilijaa.

Tunaungama jambo hili mbele ya ndugu zetu waseminari, mapadri na wakatekista, kwa maana bila hilo maneno yafuatayo yangeonekana kuwa hadithi ya safari tu. Tena kosa letu lilikuwa kubwa kupita la wengine. Sisi tulikuwa tumekwisha kuonyeshwa, kwa macho na kwa mikono, namna gani picha isiyo na uhai inapata kutembea. Tulionyeshwa katika mji wa Torino, nchi ya Italia, ndani ya Nyumba ya Makumbusho ya Sinema.

Hatukufika Torino kwa ajili ya sinema. Tulikuwa katika likizo ya masomo, na padri wa Katanga anayefika mji ule anakwenda kwanza Valdocco, kwa Mtakatifu Yohane Bosco, maana watoto wake Wasalesiani wanafanya kazi kwetu tangu 1911. Kila kijana aliyepita mikononi mwao anajua kwamba Don Bosco, alipokuwa mtoto, alijifunza michezo ya wale wanaotembea sokoni: kutembea juu ya kamba, kutoweka vitu, kuvirudisha. Watu wakikusanyika, aliwarudilia mahubiri ya Misa. Baadaye, alipokuwa mwanafunzi huko Chieri, wengine walianza kunong'ona kwamba ana uchawi, na kanoniko mmoja akamwita kumwuliza. Kijana hakukasirika. Alimtowekea saa yake na mfuko wake wa feza, kisha akamwonyesha wazi mkono umefanya namna gani. Msomaji alishike neno hili: alimwonyesha mkono.

Sasa tutazame nyumba yenyewe. Watu wa Torino wanaiita Mole Antonelliana, kwa jina la Alessandro Antonelli aliyeichora. Wayahudi wa mji ndio walioianza mwaka wa 1863, wakitaka sinagoga yao. Lakini Antonelli alikuwa mtu asiyejua kusimama: kila mara alitaka kuipandisha tena, na feza za Wayahudi zikaisha mbele ya nyumba kuisha. Mji ukaichukua, ikamalizika mwaka wa 1889, Antonelli mwenyewe akiwa amekwisha kufa. Ncha yake inapanda metre 167. Vitu vya sinema viliingia humo mwaka wa 2000 tu, lakini mwanamke mmoja, Maria Adriana Prolo, alikuwa ameanza kuvikusanya tangu 1941, wakati wa vita, siku ambazo wengine walivitupa sawa takataka. Basi, nyumba iliyoanzwa kwa sala imekuwa nyumba ya picha. Jambo hilo lilitusumbua tangu mlangoni, na tutalirudilia.

Pahali pazuri kupita pengine pote ni ile sehemu ya mwanzo wa sinema. Kuna vivuli vya ngozi vinavyochezeshwa mbele ya taa. Kuna masanduku yenye tundu, unachungulia ndani mji mzima. Kuna taa za picha, nyingi ajabu, sawa zile ambazo wamisionari wa kwanza walizibeba mpaka kwetu kuonyesha mateso ya Bwana. Na kuna magurudumu. Katika nyumba nyingi za namna hii Ulaya, mgeni anaambiwa asiguse. Tumeona pengine lukasa ya Waluba wetu, ule ubao wenye shanga ambao wazee wa Mbudye waliupapasa kwa kidole ili habari za wafalme zianze kutembea, tumeuona umefungwa ndani ya kioo, mbali na kidole chochote. Kitu cha mkono kimefanywa kitu cha macho! Lakini Torino, katika sehemu ile, vipo vitu unavyozungusha mwenyewe. Tulizungusha muda mrefu sana, mpaka watoto wa Italia waliotufuata wakaanza kuguna.

Gurudumu tulilolipenda ni lile la Joseph Plateau, Mbelgiji, aliyezaliwa Brussels mwaka wa 1801, akafundisha muda mrefu huko Gent. Alilivumbua mwaka wa 1832, na Stampfer wa Vienna alivumbua kitu kilekile karibu siku zilezile, bila mmoja kumwiba mwingine. Ni duara ya karton. Ukingoni mna nyufa nyembamba, na kati ya nyufa mna picha za mchezaji mmoja: hapa mguu uko chini, hapa umeinuka kidogo, hapa umeinuka zaidi. Unasimama mbele ya kioo, picha zikielekea kioo, unazungusha, unachungulia katika nyufa. Mchezaji anacheza. Unaacha kuzungusha: mchezaji amekufa. Kwa kweli hakuna mchezaji. Kuna michoro mingi isiyojongea, na mkono wako.

Plateau mwenyewe alipofuka macho katika miaka ya 1840. Aliishi kipofu mpaka 1883, akiendelea kutafuta habari za macho kwa msaada wa macho ya wengine. Tungependa mhubiri mmoja atumie habari hii siku ya Injili ya kipofu wa kuzaliwa. Sisi hatujathubutu bado.

Zamani walimu walitufundisha kwamba picha inabaki kidogo ndani ya jicho, na ijayo inakuta ile ya kwanza haijatoka, basi zinaungana. Maelezo hayo hayatoshi. Kama picha zingebaki na kurundikana machoni, tungeona mchezaji mwenye miguu kumi. Mwaka wa 1912 Max Wertheimer aliwaonyesha watu mistari miwili, huu ukitokea, huu ukipotea, nao wakaona kitu kimoja kinachokwenda toka hapa mpaka pale. Hakuna kilichokwenda. Ni akili yenyewe inayounganisha, upesi, bila kutuomba ruhusa. Katika filme za utepe, picha 24 zinapita kwa kila sekunde, na kati ya picha na picha mlango mdogo wa masini unafunga mwanga. Mtu aliyekaa saa mbili mbele ya sinema ya namna ile alikaa sehemu kubwa ya muda ule gizani kabisa, naye alishuhudia kwamba ameona yote.

Waseminari wa filosofia watauliza: je, huo ni uongo? Twajibu kwamba si uongo. Uongo ni katika nia ya msemaji, si katika jicho la msikilizaji. Akili iliumbwa hivyo, na uwezo uleule unaounganisha picha za gurudumu ndio unaotuwezesha kumtambua mtu anayepita nyuma ya miti ya msitu, sasa yuko, sasa hayuko, kuwa ni mtu mmoja. Hatuwezi kuulaumu. Cha kuulizwa ni mkono: nani anazungusha, na je, anakubali tuuone mkono wake?

Juu ya ulizo hili, wawili wa zamani wanasimama mbele yetu. Wa kwanza ni padri wa Shirika la Yesu, Athanasius Kircher, mwalimu wa Roma. Katika kitabu chake kikubwa juu ya mwanga na kivuli, kilichotoka mwaka wa 1646, alieleza namna ya kutupa picha ukutani kwa kioo na mwanga, na alitaka wenye kuonyesha mambo hayo wawaeleze watu yanavyofanyika, wasije wakafikiri ni uchawi. Wa pili ni Étienne-Gaspard Robert, mtu wa Liège, aliyejiita Robertson. Miaka ya mwisho ya karne ya 18, Paris ikiwa bado imejaa wafu wa Mapinduzi, yeye aliita watu usiku ndani ya nyumba ya watawa Wakapusini iliyokuwa imeachwa tupu. Taa yake ya picha aliiweka juu ya magurudumu, nyuma ya kitambaa. Alipoisukuma, mzimu ulikua na kuwajia watu, na watu walipiga makelele. Alisema kwa mdomo kwamba yeye si mchawi. Lakini taa aliificha. Ndiyo njia mbili, na sinema yote tangu siku zile inatembea katika moja ao nyingine.

Tufike kwetu. Kila kitabu cha sinema kinasimulia kwamba wenye kuitazama treni ya ndugu Lumière huko Paris waliruka vitini na kukimbia, wakifikiri itawaponda. Onyesho lao la kwanza kwa watu wenye kulipa lilikuwa tarehe 28 Desemba 1895, na treni ile haikuwamo siku hiyo, ilionyeshwa nyuma yake. Habari ya kukimbia, wenye kutafuta mambo ya kale wameitafutia ushuhuda wa siku zilezile, hawakuupata. Ni hadithi. Wazungu wanaisimulia juu ya babu zao kwa kucheka. Lakini hadithi ya namna ileile juu ya babu zetu haikuwa ya kucheka: ilifanywa sheria. Agizo la serikali ya Kongo ya Wabelgiji la mwaka wa 1945 liliwakataza Waafrika kuona sinema isipokuwa zile zilizokubaliwa kwa ajili yao. Na wakubwa wa kazi ya sinema, sawa Van Bever wa Léopoldville, waliandika katika miaka ya 1950 juu ya «sinema kwa Waafrika»: iwe ya polepole, iwe rahisi, isiruke toka pahali mpaka pahali, isiwe na viinimacho, maana macho ya Mwafrika hayatafahamu. Wananchi wenzake Plateau! Gurudumu lilikuwa limekwisha kujibu zaidi ya miaka mia moja mbele yao. Lizungushe mbele ya Mbelgiji, lizungushe mbele ya Mluba, mchezaji atacheza kwa wote wawili, naye atakufa kwa wote wawili. Hatujui hoja fupi kupita hii juu ya umoja wa jamii ya watu.

Misioni zetu nazo ziliingia kazi hii kwa bidii, na ni haki tuseme mema. Padri Van Haelst wa Scheut alifanya filme zake huko Luluabourg, inayoitwa leo Kananga. Padri De Vloo, wa Mapadri Weupe, alifanya zake Kivu. Walikuwa na feza kidogo na vyombo vibaya, wakatuachia nyuso, nyumba na sauti ambazo pengine zingepotea. Matamata na Pilipili, yule mnene na yule mwembamba wa Padri Van Haelst, tumewaona katika filme ya Tristan Bourlard ya mwaka wa 1996 inayosimulia habari zao. Tulicheka kweli. Kisha tulijiuliza: katika kicheko hiki, nani alichaguliwa kuchekwa, na nani alikaa nyuma ya masini asionekane hata mara moja? Mchezo ule hauna ubaya wa moyo. Una ubaya wa mwalimu anayefikiri kwamba mwanafunzi atabaki siku zote katika darasa la kwanza.

Lakini jambo la ajabu ni hili. Padri Van den Heuvel, wa Scheut pia, alitengeneza katika miaka ya 1950 filme za michoro juu ya Mboloko, yule paa mdogo mwenye akili wa hadithi za usiku. Filme ya michoro ni kiinimacho kupita vyote! Mbele ya masini hakukuwa na paa, wala mtu, wala chochote kilichojongea. Na watoto wa Kongo walicheka pale pa kuchekea. Basi padri huyu, bila kuandika neno la ubishi, aliivunja sheria yote ya wakubwa kwa kalamu na rangi. Tunamhesabu kuwa mtoto wa kweli wa Plateau.

Kuna tata mmoja wa parokia yetu, mzee wa reli. Alikuwa kijana bado mwaka wa 1956 reli ya Kabalo ilipoungana na yetu ya Kamina. Tulimwuliza juu ya sinema za misioni. Alisema walitundika shuka kubwa uwanjani, na siku moja simba alipotokea, watoto wote waliondoka mbio. Mupe alisikitika, akawaambia wakubwa kwamba watoto wameogopa, simba asionyeshwe tena. «Abe,» akatuambia mzee, «hatukuogopa. Tulikimbia nyuma ya shuka kutazama simba anatoka wapi.» Na huko nyuma waliona nini? Waliona simba yuleyule akienda upande mwingine, na maandishi yote yamegeuka, na watu wote wanashika kwa mkono wa kushoto. Tangu siku ile kundi lao lilikaa nyuma ya shuka kila mara, kwa sababu huko kulikuwa na nafasi. Hakuna aliyewauliza. Iliandikwa kwamba hawafahamu sinema, nao walikuwa wakiitazama pande zote mbili.

Turudi Torino, maana tuliahidi. Ukitoka sehemu ya magurudumu unafika katika chumba kikubwa cha katikati, wanachokiita Hekalu. Umeketi, hapana, umelala chali juu ya kiti chekundu, vipande vya filme vinapita juu yako. Pembeni kuna vyumba wanavyoviita shapeli, kila kimoja na jambo lake. Na sanamu kubwa ya Moloki imekaa pale, ile ya filme Cabiria, iliyofanywa Torino na Giovanni Pastrone mwaka wa 1914. Moloki, katika nyumba ya Wayahudi! Mwenzetu Mwitaliano alisema ni mchezo tu, nasi twakubali kwamba wenye kuiweka hawakuwa na nia mbaya. Lawama yetu si hiyo hasa. Lawama yetu ni kwamba mikono yetu, iliyokuwa na kazi nzuri muda wote, hapa haina tena kazi. Sehemu ya magurudumu ilitufanya wanafunzi. Hekalu linatufanya watu waliolala. Nyumba hii, pahali ilipotumia feza nyingi ili kupendeza, imesahau fundisho lake yenyewe, na jina la Hekalu linaonyesha kwamba waliojenga walihisi kidogo wanachofanya. Hatukuona pale kitu cha kuzungusha.

Kanisa limekwisha kusema juu ya sinema mara nyingi: Papa Pio XI mwaka wa 1936, Papa Pio XII mwaka wa 1957, Mtaguso mwaka wa 1963. Mara nyingi barua hizo zinasomwa kwa ajili ya makatazo yake. Lakini ndani yake mnaombwa pia kitu kingine, yaani kuwafundisha wenye kutazama. Ni wapi tumefundisha? Sisi tulipewa miaka ya kujifunza makosa ya hoja, kila kosa na jina lake la Kilatini, na hatukupewa saa moja juu ya makosa ya picha. Leo katekista wa kijiji cha mwisho ana telefone, na katika telefone ile wafu wanasema, maaskofu wanatangaza mambo wasiyoyatangaza, sanamu zinafumba macho. Robertson amerudi, na safari hii taa yake inaingia mfukoni.

Nyuma ya Pasaka tulikata karton ya sanduku la biskuti, duara mbili. Kwa wembe tulifungua nyufa 12 ukingoni mwa kila moja. Katikati tulipitisha musumari katika kipande cha mti. Kinyozi jirani alituazima kioo. Juu ya duara ya kwanza wakatekista walichora mtu anayepiga jembe, na hakulima vizuri, kwa sababu mikono ya wachoraji ilikuwa sita. Juu ya ya pili tulichora wenyewe jicho: wazi, wazi kidogo, karibu kufumba, limefumba, mpaka picha 12. Jumamosi tuliwaita wamama wa Legio. Tulitaka kuanza kwa maelezo, lakini mkubwa wao alikuwa amekwisha kushika musumari.

Alizungusha. Jicho lilifumba, likafumbuka. Wengine walicheka, yeye hakucheka. Aliacha kuzungusha, akahesabu michoro kwa kidole, polepole, yote 12. Kisha akatuuliza:

— Abe, na lile la telefone, ulijua?

Tulijibu kwamba tulijua.

— Tangu siku gani?

Tulisema, tangu siku ya kwanza. Alinyamaza muda kidogo. Wale walioanza kurudi Misa wakati ule, wengi wao wamekwisha kuacha tena, naye aliwajua kwa majina. Akazungusha mara nyingine, akachungulia, kisha akaomba tumpe duara ile na kioo, wavipeleke kwenye mkutano wao wa Jumanne.